Usiisingizie jibini

Jumapili ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, saa nne asubuhi, sijatoa hata nyama kwenye friji, simu ikalia. Ujumbe wa shemeji yangu: "Shem, leo punguza chizi kwenye nachos. Ndiyo inayozilowesha."

Chizi ni jibini, na nachos ni chipsi za mahindi zinazopashwa moto na jibini juu yake. Niliiweka simu juu ya friji, nikaosha mikono, nikaanza kazi. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani siku nzima. Ninapika hapa Houston mwaka wa kumi na nne sasa, na sentensi hiyo nimeambiwa na wapishi wenzangu, na wageni, na majirani, na kila anayekuja nyumbani kutazama mpira wa Kimarekani. Kila mwaka naijibu kwa mdomo, kila mwaka inarudi. Basi safari hii naiandika.

Jibini haina kosa. Kinacholowesha nachos ni maji, na maji yale unayaingiza wewe mwenyewe kwenye trei, kwa nyama uliyoichemsha ukidhani unaikaanga, kwa nyanya ambazo hukuzichuja, na kwa foili uliyofunikia juu. Ukipunguza jibini, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazikinga chipsi zako.

(Nikisema chipsi hapa nina maana ya zile za mahindi, pembetatu, ambazo Wameksiko wanaziita totopos. Viazi vikae pembeni leo.)

Turudi zilikoanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika mji wa Piedras Negras, Meksiko, ng'ambo tu ya mto kutoka Eagle Pass ya Texas, kulikuwa na mgahawa unaitwa Victory Club. Wakaingia kina mama wa Kimarekani wakitaka kitu cha kutafuna, na mpishi hayupo. Mhudumu mkuu, Ignacio Anaya, akaingia jikoni mwenyewe. Alichukua vipande vya tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi, vilivyokaangwa, akavitia jibini, akavipasha moto mpaka jibini ikayeyuka, akaweka juu vipande vya pilipili ya jalapeño. Nacho ni jina la mkato la kila Ignacio, kwa hiyo chakula kikabeba jina lake. Vitu vitatu tu. Jibini ilikuwemo tangu siku ya kwanza, imelala juu ya chipsi moja moja, na watu walizipenda kwa sababu zinavunjika mdomoni.

Sasa hii imani ya shemeji imetoka wapi? Mimi naamini imetoka uwanjani. Mwaka 1976 Frank Liberto alianza kuuza nachos kwenye uwanja wa Arlington, nyumbani kwa timu ya besiboli ya Texas Rangers. Uwanjani mtu hasubiri oveni, foleni ni ndefu na mchezo unaendelea, kwa hiyo yeye alitumia mchuzi wa jibini wa kumimina, unaobaki laini hata ukipoa kidogo. Biashara ilishika, na leo huwezi kuingia uwanja wa Marekani usikutane na kile kibakuli cha plastiki chenye kishimo cha mchuzi pembeni. Mchuzi ule una maji ya kutosha, ndiyo maana unamiminika. Ukiumwaga juu ya chipsi ukaziacha dakika kumi, zitalegea kweli. Hapo nakubaliana na shemeji. Lakini ule ni mchuzi, na yeye alikuwa anazungumzia jibini ya kipande niliyoikwaruza kwa mkono wangu.

Tofauti yake ni hii. Chipsi ya mahindi imekaangwa mpaka maji yamekaribia kuisha ndani yake, kwa hiyo ina kiu. Chochote chenye maji kikiigusa, inakunywa. Chukua aina mbili za jibini: cheddar, kwa sheria za Marekani, haitakiwi kuzidi asilimia 39 ya maji, na Monterey Jack mwisho wake ni 44. Kuna msomaji ameshaanza kusema "si umeona, maji hayo!" Subiri. Maji ya jibini hayatembei ovyo, yameshikwa ndani ya wavu wa protini pamoja na mafuta. Jibini ikiyeyuka kwa moto wa wastani inatandaza utando wa mafuta na protini juu ya chipsi, na utando huo unazuia maji ya vile vitakavyokuja juu yake. Umewahi kumwagia maji karatasi iliyofungiwa maandazi, ile iliyokwisha kuingia mafuta? Yanateleza, yanakimbilia pembeni. Hiyo ndiyo kazi ya jibini kwenye trei. Basi mimi naiweka mara mbili: safu nyembamba moja kwa moja juu ya chipsi, kisha nyama, kisha safu nyingine juu ya nyama. Wengi wanatupa nyama kwanza juu ya chipsi tupu na jibini mwisho, halafu chipsi za chini zikilowa wanailaumu jibini iliyokuwa juu kabisa, ambayo haikuzigusa.

Nyama sasa, na hapa sitaharakisha, kwa sababu hapa ndipo trei nyingi zinapoharibikia.

Natumia nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mafuta asilimia 20, ambayo lebo za huku zinaandika 80/20. Gramu 450 zinatosha trei moja ya sentimita 33 kwa 46. Itafutie kikaango kipana na kizito, kipate moto sawasawa kabla nyama haijaingia. Ukiirundika kwenye sufuria nyembamba itatoa maji yake, maji hayatapata pa kwenda, na kuanzia hapo unachemsha. Maji kwenye chombo cha wazi hayapiti nyuzi 100, ilhali nyama haianzi kupata ile rangi ya kahawia na harufu yake mpaka juu yake ifike kama nyuzi 140. Kwa hiyo maji yakiwa bado yamo, hata ungesubiri mpaka mpira uishe, utapata nyama ya kijivu.

Sikiliza kikaango. Mwanzo utasikia sauti nzito ya kutokota, na mvuke mweupe unapanda. Tandaza nyama, iache, usiichokonoe. Baada ya dakika sita au saba sauti inabadilika, inakuwa nyembamba na kali, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Hapo maji yamekwisha na kilichobaki kinakaangika kwa mafuta yake. Sasa ndiyo uivunjevunje, utie kitunguu, kitunguu saumu, pilipili ya unga, binzari nyembamba, chumvi, na kijiko cha nyanya ya kopo ukikaange mpaka kigeuke rangi ya tofali. Kisha isukume nyama upande mmoja, uinamishe kikaango. Kinachotiririka kikiwa chekundu na kinang'aa, ni mafuta, umemaliza. Kikiwa na ukungu kama supu, irudishe motoni.

Na zile paketi za viungo vya taco, tortilla inayokunjwa na nyama ndani! Nyuma zimeandikwa utie maji, robo tatu ya kikombe, uache nyama itokote. Kwa taco ni sawa, kwa sababu unataka nyama yenye rojo na unaikunja ukaila papo hapo. Kwa nachos ni kuharibu kazi. Umetumia dakika saba kuyafukuza maji, halafu unayarudisha kwa kikombe kwa kuwa paketi imekuambia. Tumia viungo vyao ukipenda, ila kavu, uvikaange kwenye mafuta ya nyama.

Kuna jambo moja ambalo bado nayumba nalo: mafuta yale yaliyotoka, niyamwage au niyaache? Vitabu vingi vinasema mwaga. Lakini mafuta hayalegezi chipsi kama maji, chipsi yenyewe imetoka kwenye mafuta. Nikiyaacha yote, ladha inakuwa kubwa ila mgeni anachoka baada ya vipande vitano. Nikiyamwaga yote, nyama inakuwa changarawe. Siku hizi naacha kama vijiko viwili, na kuna siku nikionja najiambia vilitakiwa vitatu.

Nyanya. Jamani, nyanya zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, na watu wanazikatakata juu ya trei na kuiingiza oveni! Kile Wameksiko wanachokiita pico de gallo sisi tunakijua vizuri: nyanya, kitunguu, pilipili, majani ya giligilani, ndimu. Ni kachumbari. Na kachumbari bibi zetu walitufundisha kuitengeneza: kitunguu unakifikicha na chumvi, unakiosha, unakikamua. Fanya hivyo hivyo, kisha nyanya nazo uzitoe mbegu na ule ute wake, uzitie chumvi, uziache kwenye chujio dakika 15. Nyanya nne kubwa zinaacha chini karibu robo kikombe cha maji. Yatazame yale maji kwenye bakuli. Ndiyo yangekuwa ndani ya chipsi zako.

Nimekulia Unguja, na mpangilio huu wote niliuelewa siku nilipomkumbuka muuza urojo. Anapanga kachori, bhajia, mishikaki, kiazi, anamwagia urojo wa moto, chatine, pilipili, na mwisho kabisa, bakuli likiwa tayari linakuja mkononi mwako, ndipo anarusha chipsi za muhogo juu. Anajua zikitangulia zitakufa. Kwenye nachos chipsi lazima zikae chini, kwa hiyo geuza: kilicho na maji ndicho kiwe cha mwisho kufika. Kachumbari, parachichi lililopondwa, malai chachu, vyote vinangoja nje ya oveni, na mimi hupenda viwe kwenye mabakuli pembeni, kila mtu ajichotee. Maharage ya kupondwa yanaruhusiwa kuingia oveni kama ni mazito, matone matone juu ya jibini. Majani ya saladi siyataki kabisa, yana maji na moto unayanyausha.

Jibini nitaipitia haraka. Changanya nusu Monterey Jack, nusu cheddar changa. Cheddar iliyokaa sana ina ladha nzuri lakini ikiyeyuka inaachia mafuta na kubaki punje punje. Gramu 350 kwa trei. Wasomaji Waislamu, soma lebo kwa ajili ya reneti, kile kinachogandisha maziwa yawe jibini, nyingine ni ya mnyama. Kuhusu jibini ya pakiti iliyokwisha kukwaruzwa, kila mpishi atakuambia usiinunue, kwa sababu imepakwa wanga au selulosi isishikane na hivyo haiyeyuki vizuri. Mimi pia nasema hivyo, na nakwaruza mwenyewe. Lakini lazima niwe mkweli: niliwahi kuweka trei mbili mezani, moja ya pakiti, moja ya mkono, na hakuna mgeni aliyezitofautisha. Kwenye mchuzi tofauti ni kubwa. Kwenye nachos zilizojaa nyama na pilipili, sina uhakika tena kwamba inastahili vita.

Ukitaka mchuzi, basi upike vizuri na uuweke pembeni wa kuchovya. Kinachoufanya usikatike ni sodiamu sitreti, chumvi inayoshikamanisha mafuta na maji ya jibini. Fomula yake ni Na₃C₆H₅O₇. Soma herufi peke yake, bila tarakimu. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto.

Wanaoniandikia kutoka nyumbani wakiuliza kama unga wa sembe unafaa kutengenezea chipsi zenyewe: haufai. Mahindi ya tortilla yamechemshwa na chokaa kwanza, ndiyo maana donge lake linashikana na kusukumika jembamba. Sembe itakupasukia mkononi. Chipsi za muhogo, zile nene kidogo, zimewahi kunistahimilia nyama kwa muda wa kuridhisha.

Sasa trei. Chipsi gramu 340, zitandazwe zikipandana kidogo tu, mlima hapana. Ziingie peke yake kwenye oveni ya nyuzi 180 dakika tano, zikauke vizuri. Toa, tia jibini nusu, nyama ya moto, jibini iliyobaki. Rudisha kwa nyuzi 200, dakika sita hadi nane, mpaka jibini iyeyuke na kingo zianze kutoa mapovu. Usingoje iwe kahawia, itakuwa ngumu na kuachia mafuta.

Kisha usiifunike. Niliwahi kupika trei sita kwa ajili ya mkusanyiko wa watu wa nyumbani, na mtu mwenye nia njema akazifunika zote na foili zisipoe. Nusu saa baadaye nilipofunua, mvuke ulikuwa umegeuka matone chini ya foili, yananyesha juu ya chakula. Trei sita zikawa uji. Na unajua walichosema? Jibini ilizidi.

Dawa ya kupoa ni kupika kidogo kidogo. Mchezo una robo nne na unachukua saa tatu na zaidi, basi kwa nini trei zote zitoke kwa pamoja kabla ya mpira kuanza? Nyama ikae tayari kwenye kikaango, jibini imekwaruzwa, kachumbari kwenye chujio. Trei ya kwanza naitoa robo ya kwanza inapoanza. Ya pili inaingia oveni dakika mbili kabla ya mapumziko, na mapumziko ya Super Bowl ni marefu, watu wanainuka, wanajinyoosha, wanaijia jikoni wenyewe. Ya tatu nasubiri robo ya nne. Jumapili ile shemeji alikula kutoka trei zote tatu, na jibini sikupunguza hata gramu moja.