Kwa Nini Pasaka Huhama na Krismasi Haihami

Kila mwaka waumini hutuuliza Pasaka itakuwa lini. Krismasi hakuna anayeiulizia. Sababu ni kwamba Krismasi hufuata jua, na Pasaka hufuata mwezi.

Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya majira ya mwezi mpevu. Katika karne ya 2, Wakristo wengi wa Asia Ndogo waliadhimisha tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Wayahudi, iwe Jumatatu au Alhamisi. Roma walishikilia Jumapili, siku ya ufufuo. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka wote waadhimishe siku moja. Kanuni iliyokubalika ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baadaye. Mwezi huo Kanisa halichungulii angani. Hutumia majedwali yenye mzunguko wa miaka 19.

Tuchukue mwaka 2025. Mwezi ulipevuka Aprili 13, tena Jumapili. Lakini kanuni inasema *baada ya* mwezi mpevu, kwa hiyo Pasaka ikasogea hadi Aprili 20. Ukirudi nyuma siku 46 unafika Jumatano ya Majivu, Machi 5. Kwani Kwaresima si siku 40? Ni 40 kweli, maana Jumapili sita zilizomo hazihesabiwi: kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuo, nayo haifungwi. Ukienda mbele, Pasaka ikiwa siku ya kwanza, ya 40 ni Kupaa na ya 50 ni Pentekoste, Juni 8.

Waorthodoksi walio wengi hupiga hesabu yao kwa kalenda ya zamani ya Julius Caesar, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13 ikilinganishwa na ile ya Papa Gregori XIII ya mwaka 1582, tunayotumia leo. Machi 21 yao ni Aprili 3 yetu, hivyo mara nyingine husubiri mwezi mpevu unaofuata. Ndiyo maana mwaka 2024 sisi tuliadhimisha Machi 31, wao Mei 5. Mwaka uliofuata tuliadhimisha siku moja, na kwangu hiyo ilikuwa furaha kubwa.

Kuhusu Krismasi, Injili haitaji tarehe. Desemba 25 inaonekana Roma kufikia mwaka 336. Wengi husema kwa uhakika kwamba ilichukuliwa kutoka sikukuu ya jua ya wapagani. Mimi naona tusikate shauri haraka hivyo, kwa sababu Mtakatifu Augustino anaeleza mapokeo mengine: Yesu alitungwa mimba Machi 25, tarehe ile ile waliyoamini aliteswa, na miezi tisa baadaye ni Desemba 25.

Majilio nayo yana Jumapili nne kabla ya Krismasi, ila urefu wake hubadilika. Krismasi ikiwa Jumatatu, kama mwaka 2023, asubuhi mnasali Jumapili ya nne ya Majilio, na jioni ile ile ni mkesha wa Krismasi.