Siku za joto kali huhesabiwaje?

Wataalamu wa hali ya hewa wanaposema siku za joto kali zinaongezeka, hawazungumzii kila siku iliyotutoa jasho. Nyuzi joto 33 ni kawaida Dar es Salaam mwezi Februari. Nairobi zikifika hapo ni habari. Ndiyo maana kila mahali hupimwa kwa historia yake. Njia inayotumika sana ni kuchukua rekodi za miaka 30, tuseme 1961 hadi 1990, na kutafuta kiwango ambacho siku 10 tu katika 100 za msimu uleule zilikivuka. Kisha kila mwaka huhesabiwa ni siku ngapi zimekipita. Mwelekeo huonekana baada ya miongo kadhaa. Mwaka mmoja wa El Niño, maji ya Pasifiki yanapopata joto na kuipandishia dunia joto kwa muda, hautoshi kuthibitisha lolote.

Miaka ya kulinganishia ina uzito mkubwa. Ukiacha 1961–1990 ukatumia 1991–2020, idadi hushuka papo hapo ilhali hewa haijapoa hata kidogo, kwa sababu miaka hiyo ya karibuni tayari ilikuwa na joto zaidi. Kwa hiyo usikubali takwimu yoyote kabla ya kuuliza inalinganishwa na lini.

Wengi hushangaa: dunia imeongezeka joto kwa nyuzi moja na kitu tu tangu mwishoni mwa karne ya 19, sasa kelele zote hizi za nini? Jibu liko pembeni, si katikati. Siku nyingi za mwaka hukaribia wastani, na zile kali mno ni chache. Wastani ukipanda kidogo, siku zilizokuwa chini tu ya kiwango huvuka kwa wingi. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilikadiria kuwa joto kali la nchi kavu lililotokea mara 1 katika miaka 10 enzi za 1850–1900 hutokea karibu mara 3 ongezeko likiwa nyuzi 1, na zaidi ya mara 4 likifika 1.5. Uingereza haikuwahi kupima nyuzi 40 hadi Julai 2022, kijiji cha Coningsby kilipofika 40.3.

Kwetu pwani, hesabu ya mchana peke yake huficha madhara. Unyevunyevu huzuia jasho kukauka, na usiku wenye fukuto huunyima mwili nafasi ya kupoa. Wanaoumia kwanza ni wazee, watoto wachanga na wanaolala chini ya bati lisilo na dari. Usiku wa joto nao una hesabu yake, inayotokana na kiwango cha chini cha joto, na ningependa taarifa zetu za kila siku ziipe uzito uleule wa mchana.