Utayari wa kikanda wa kukabili dharura ni nini?

Utayari wa kikanda ni yale ambayo serikali na mashirika ya nchi jirani hukubaliana na kuyafanyia mazoezi kabla dharura haijatokea: nani ampigie nani simu, sampuli ipimwe maabara ipi, na cheti kilichotolewa na nchi moja kipokewe vipi na nchi ya pili. Tusiuchanganye na misaada. Kumpelekea mahema na unga jirani aliyekumbwa na mafuriko ni msaada, nao huja baada ya tukio. Utayari hutangulia, na sehemu yake kubwa ni kazi ya ofisini ambayo hakuna anayeipiga picha.

Mfano mzuri ni wa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ambako kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, iliendesha zoezi la kuigiza mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu haujali mipaka ya nchi wala ya wizara. Huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa, dalili yake ya mapema ni mifugo kutupa mimba kwa wingi, na binadamu huupata hasa kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Kwa hiyo anayeuona mwanzo wake ni mfugaji, kisha ofisa mifugo. Na iwapo ofisa huyo hana njia ya kumfikishia habari mganga mkuu wa wilaya, na mganga naye hana namba ya mwenzake wa ng'ambo, mbuzi mgonjwa atakuwa ameshafika mnadani upande wa pili kabla barua haijatiwa sahihi.

Kwa sadfa, siku ile zoezi lilipoanza, Uganda ilithibitisha Ebola kwa mtoto aliyeingia wilayani Kasese kutoka Kongo. Mlipuko wa Kongo ulikuwa umedumu miezi kadhaa, na Uganda ilikuwa imekwisha kuwachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 bila kusubiri mgonjwa wa kwanza.

Mazoezi, hata hivyo, hayamalizi kila kitu. Mei 2020 foleni ya malori ilitanda Namanga hapo hapo, si kwa sababu wataalamu hawakujua namna ya kumtenga mgonjwa wa korona, bali kwa sababu Kenya na Tanzania zilivutana kuhusu majibu ya vipimo vya madereva. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, kilikuwa kitu kidogo mno: karatasi inayoaminika pande zote mbili. Baadaye mwaka huo Jumuiya ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, uliokuwa ukiweka majibu ya kipimo cha korona kwenye simu ya dereva ili maofisa wa kituo kinachofuata wayasome bila kumpima upya.