Je, wajua kwa nini picha za hadubini hufunguka nusu, au hufunguka nyeusi tii?

Umepiga picha za seli kwa hadubini na faili yake kwenye diski ina MB 900. Kompyuta ina RAM, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ya GB 8. Unaifungua kwa ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha iliyotengenezwa na Wayne Rasband huko Marekani na kutolewa mwaka 1997. Mara linatokea dirisha kusema kumbukumbu imejaa. MB 900 zimeijazaje GB 8?

Faili yako ni ya TIFF, aina ya faili ya picha inayoweza kubanwa inapohifadhiwa, kama nguo zilizoshindiliwa begini. Ikifunguliwa, kila pikseli, yaani nukta ya picha, hudai nafasi yake kamili. Tuseme faili ni bunda la tabaka nyingi, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila tabaka lina pikseli 2048 kwa 2048, za biti 16. Pikseli moja inakula baiti 2, kwa hiyo tabaka moja ni MB 8. Ukiwa na tabaka 100, na kila tabaka umelipiga kwa rangi tatu, hizo ni picha 300: MB 2,400.

Bado GB 8 zinatosha, utasema. Lakini ImageJ inaendeshwa na Java, programu inayoendesha programu nyingine, na Java haichukui RAM yote. Inapoanza hujiwekea kikomo, na isipopewa maelekezo, kwa kawaida kikomo hicho ni robo ya RAM. Robo ya GB 8 ni GB 2, nafasi isiyofika hata picha 256 za ukubwa huo.

Hapa ndipo ninapoomba usikilize kwa makini. Bunda la TIFF la kawaida likikwama katikati, ImageJ hukuonya, kisha hukuonyesha zile tabaka zilizowahi kuingia. Ukilifunga onyo bila kulisoma, unabaki na picha nzuri, inayosogea vizuri, ila mkia wake haupo. Mtu atahesabu seli, atachora grafu, na matokeo yatakuwa ya kipande tu cha sampuli. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, soma idadi ya tabaka juu ya dirisha la picha, uilinganishe na ile uliyopiga.

Kisha bofya upau wa hali, ule mstari ulio chini ya vitufe vya ImageJ. Utakuambia kumbukumbu iliyotumika na kikomo chake, na papo hapo Java itazoa takataka zake, yaani data isiyotumika tena. Kikomo kikiwa kidogo, nenda Edit, Options, Memory & Threads, ukiongeze hadi karibu robo tatu ya RAM, halafu funga programu na uifungue upya; bila hivyo hakuna kitakachobadilika. Usiipe RAM yote. Mfumo wa kompyuta nao unahitaji pa kupumulia.

Bunda likiizidi hata RAM yenyewe, lifungue kama Virtual Stack. Hapo tabaka husomwa kutoka kwenye diski moja moja, kadiri unavyoziangalia. Ila ukirekebisha tabaka moja kisha ukahamia jingine, marekebisho yale hupotea. Na kumbuka kwamba kugeuza picha za biti 16 kuwa za biti 32 kunazidisha mzigo mara mbili, na kila ukinakili bunda zima kwa amri ya Duplicate, hiyo ni nakala nzima nyingine.

Na ile picha nyeusi? Mara nyingi kumbukumbu haina kosa. Biti 16 zina ngazi 65,536 za mwanga, lakini skrini ya kawaida huonyesha 256. Kamera ya biti 12 haivuki 4,095. Picha yake ikitandazwa kwenye kipimo chote cha ngazi 65,536, pikseli inayong'aa kuliko zote huangukia karibu ngazi ya 16 kati ya 255, na jicho huona giza tupu.

Pitisha kishale juu ya hilo giza, ukitazama upau wa hali. Ukiona thamani kama 2,900, seli zako zipo. Fungua Brightness/Contrast ubofye Auto, nazo zitajitokeza. Kitufe cha Apply kilicho hapo jirani usikiguse kama bado hujapima, kwa sababu Auto hubadilisha mwonekano tu, ilhali Apply huandika upya namba za pikseli zenyewe.