Je, wajua kwa nini posta ya Uingereza ilianza kubeba vidonge vya kutoa mimba mwaka 2020?

Jumatatu ya Machi 23, 2020, Waziri Mkuu Boris Johnson alitokea kwenye televisheni na kuwaambia Waingereza wasitoke majumbani. Siku hiyohiyo tovuti ya serikali ilikuwa imebandika tangazo ambalo wengi hawakuliona: mwanamke wa England mwenye mimba changa angeweza kuzungumza na mhudumu wa afya kwa simu, kisha akatumia dawa zote mbili za kutoa mimba akiwa nyumbani kwake. Baada ya saa chache tangazo likaondolewa. Likaelezwa kuwa liliwekwa kimakosa. Kesho yake Waziri wa Afya, Matt Hancock, akasimama bungeni na kusema serikali haina mpango wa kubadili kanuni za utoaji mimba kwa sababu ya korona. Jumatatu iliyofuata, Machi 30, ruhusa ikarudi vilevile ilivyokuwa, na safari hii ikabaki.

Wiki nzima ya nenda-rudi kwa dawa ambayo haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni chumba cha kuimezea. Kuelewa kwa nini chumba kilikuwa na uzito kiasi hicho, inabidi kwanza tuijue dawa, halafu turudi nyuma hadi mwaka 1967.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, mifepristoni, ilitoka katika maabara za kampuni ya Roussel-Uclaf, Ufaransa, mwaka 1980. Mimba ili ishike inahitaji homoni iitwayo projesteroni, ambayo huutuliza mji wa mimba na kuutandika ndani. Mifepristoni hukaa pale projesteroni inapopaswa kukaa. Homoni ikija, inakuta nafasi imeshachukuliwa. Siku moja au mbili baadaye hufuata misoprostoli, inayolegeza mlango wa kizazi na kukifanya kibane na kuachia, kama inavyokuwa mimba inapotoka yenyewe. Misoprostoli ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Kwenye karatasi ya maelezo palionywa kuwa mjamzito asiitumie, na wanawake wa Brazil katika miaka ya 1980 wakaelewa onyo lilikuwa linasema nini. Huku Afrika Mashariki wakunga wanaijua kwa kazi nyingine kabisa: kumzuia mama asivuje damu kupita kiasi baada ya kujifungua.

Sasa sheria. Sheria ya Utoaji Mimba ya Uingereza ilipelekwa bungeni na mbunge kijana, David Steel, ikapitishwa mwaka 1967 na kuanza kutumika Aprili 1968. Ilitaka mambo mawili makubwa: madaktari wawili watie saini, na kazi yenyewe ifanyike hospitalini au mahali palipoidhinishwa na waziri. Wakati ule kutoa mimba kulimaanisha upasuaji au kukwangua kizazi, na wanawake walikuwa wakifa mikononi mwa watu wa vichochoroni wenye vifaa vichafu. Kudai chumba safi na daktari lilikuwa jambo la busara kabisa. Ila mwaka 1991 mifepristoni ikaruhusiwa nchini humo, na kidonge hakihitaji chumba cha upasuaji. Wabunge waliliona hilo likija: mwaka 1990 walikwishaongeza kifungu kinachompa waziri uwezo wa kuidhinisha mahali pa aina nyingine kwa ajili ya dawa. Uwezo ukawepo, kalamu ikawa haigusi karatasi.

Mwaka 2011 BPAS, shirika la hisani linaloendesha kliniki za huduma hii, lilikwenda mahakamani na hoja kwamba tiba ni daktari kuandika dawa, na kumeza ni jambo la mgonjwa mwenyewe popote alipo. Jaji hakukubali. Alisema kumeza ni sehemu ya tiba, kwa hiyo kufanyike mahali palipoidhinishwa. Akaongeza kwamba waziri akitaka, anaweza kuidhinisha nyumba ya mtu. Mawaziri hawakutaka, kwa miaka kadhaa.

Katika miaka hiyo hali ilikuwa hivi. Mwanamke anakwenda kliniki, anameza dawa ya kwanza mbele ya muuguzi, anarudi kwake. Siku inayofuata anakwenda tena kuchukua ya pili, anaitumia palepale, halafu anaondoka mbio. Dawa hiyo haimngoji mtu afike nyumbani. Wapo walioanza kusokotwa na tumbo na kutoka damu wakiwa ndani ya basi, wengine kwenye treni, wengine kiti cha nyuma cha teksi. Sheria iliyoandikwa kuwalinda wasivuje damu vichochoroni ikawa inawavujisha damu barabarani. Scotland ililiona hilo na kuruhusu dawa ya pili itumike nyumbani mwaka 2017, Wales ikafuata mwaka 2018, na England mwishoni mwa mwaka huohuo. Ya kwanza iliendelea kumezwa kliniki.

Hapo ndipo korona ilipowakuta. Wauguzi waliugua au kujitenga, baadhi ya kliniki zikafungwa. Mtu mwenye pumu, au anayeishi na mama mzee, aliambiwa asivuke kizingiti chake, huku sheria ikimtaka apande basi kwenda kumeza kidonge kimoja na glasi ya maji. Na mimba haisubiri karantini iishe. Ruhusa ya Machi 30 ikaitambua nyumba ya mwanamke kuwa mahali halali kwa dawa zote mbili, mradi mimba haijafika wiki 10. Ikaitambua pia nyumba ya daktari, maana daktari aliyejitenga naye alihitaji mahali pa kuandikia dawa. Scotland na Wales zikatoa ruhusa zao siku iliyofuata, Scotland ikienda hadi karibu wiki 12.

Swali la haki ambalo msomaji anaweza kuuliza: bila kupiga picha ya utrasaundi, mtu wa upande wa pili wa simu anajuaje mimba ina umri gani na imekaa wapi? Anajua kwa kuuliza, na kuuliza kwenyewe ni ufundi. Hedhi yako ya mwisho ilianza lini? Huwa inakuja kwa mpangilio? Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi hiyo, na wanawake wengi, hasa anayehofia kuwa ameshika mimba, wanaikumbuka vizuri. Unaumwa upande mmoja wa tumbo? Bega linauma? Umewahi kupata mimba nje ya kizazi, au kufanyiwa upasuaji wa mirija? Una kitanzi? Jibu moja la kutia shaka, anaitwa kliniki kupigwa picha. Utrasaundi haikufutwa, iliwekewa wanaoihitaji. Kulikuwa na swali jingine pia, lililoulizwa kwa sauti ya chini: uko peke yako hapo, unaweza kuzungumza?

Kisha kifurushi. Karatasi isiyo na maandishi ya kumwambia jirani kilichomo, na ndani dawa zote mbili, dawa za maumivu na maelekezo. Maelekezo hayo yanasema wazi lini mtu aache kuvumilia: ukilowesha pedi mbili kubwa kwa saa, saa mbili mfululizo, usingoje asubuhi. Simu ya muuguzi ilikuwa wazi usiku na mchana.

Matokeo yake yalipimwa. Watafiti walioongozwa na Abigail Aiken walichapisha mwaka 2021 hesabu ya wanawake 52,142 wa England na Wales waliotoa mimba kwa dawa mwanzoni mwa mwaka 2020, 22,158 kwa utaratibu wa zamani na 29,984 kwa utaratibu mpya. Muda wa kungoja ulipungua kwa siku 4.2. Waliopata huduma mimba ikiwa haijazidi wiki 6 walipanda kutoka asilimia 25 hadi 40. Dawa zilifanya kazi kwa asilimia 98.2 ya kundi la kwanza na asilimia 98.8 ya kundi la pili, na madhara makubwa yalikuwa nadra sana katika makundi yote mawili. Kwangu mimi namba nzito hapo ni ile ya wiki 6, kwa sababu kadiri mimba inavyokuwa changa ndivyo hatari inavyopungua. Kliniki ilikuwa ikiwachelewesha wanawake kwa jina la usalama wao.

Wapinzani walikuwa na hoja zao, na si zote za kupuuza. Mwanamume mkatili anaweza kuwa amesimama nyuma ya simu. Mtu anaweza kudanganya tarehe. Hilo la pili lilitokea: Mei 2020 mwanamke mmoja alipata dawa kwa posta akiwa na mimba ya zaidi ya miezi 7, na mwaka 2023 akahukumiwa miezi 28, kabla Mahakama ya Rufani kuipunguza na kumwachia nje. Kesi hiyo ilizungumzwa kuliko zile 52,142 zote kwa pamoja. Hata hivyo, serikali ilipotaka utaratibu huu uishe pamoja na janga, wabunge walipiga kura Machi 30, 2022, miaka miwili kamili tangu ruhusa itoke, na kuufanya wa kudumu kwa 215 dhidi ya 188.

Si kila mahali korona ilivuta upande huo. Huko Texas, Marekani, Jumatatu ileile ya Machi 23, mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, Ken Paxton, alitangaza kwamba amri ya gavana ya kuahirisha tiba zisizo za dharura inagusa pia utoaji mimba. Sababu iliyotolewa ni kubana matumizi ya barakoa na glavu, ingawa kukabidhi vidonge kunahitaji glavu chache kuliko kung'oa jino. Wanawake wakaendesha magari hadi majimbo jirani. Kanuni ya Marekani yenyewe ilikuwa kinyume cha ile ya England: uliruhusiwa kumeza mifepristoni nyumbani, lakini lazima uifuate mwenyewe. Julai 2020 jaji wa Maryland aliisimamisha kanuni hiyo kwa muda wa janga, Januari 2021 Mahakama ya Juu ikairudisha, na Desemba 2021 mamlaka ya dawa ikaiondoa.

Kwetu huduma hii ya posta haikuja, kwa sababu sheria ni nyingine. Tanzania inaruhusu mimba itolewe kuokoa maisha ya mama. Kenya, kwa ibara ya 26 ya Katiba ya 2010, inaruhusu mtaalamu wa afya akiona ni dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini. Lakini wazo la kuamua kwa simu nani atoke usiku lilifika Nairobi kwa mlango mwingine. Amri ya kutotoka nje ilianza Machi 27, 2020, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na wajawazito wakawa wanashikwa na uchungu bila usafiri. Daktari Jemimah Kariuki alianza kuwatafutia magari, na huduma iliyotokana na hapo, Wheels for Life, ikawa na madaktari wanaopokea simu, wanauliza maswali, kisha wanaamua kama itumwe teksi au ambulensi.

Ndani ya Uingereza yenyewe kulibaki kona moja. Ireland Kaskazini ilikuwa imeondoa makosa ya jinai kwa utoaji mimba Oktoba 2019, lakini huduma ya simu na posta haikuruhusiwa. Katika majira yaleyale wanawake wa England walipokuwa wakingoja mtu wa posta, wenzao wa Belfast walikuwa wakielekezwa kupanda feri kwenda Liverpool, saa 8 baharini, kati ya abiria waliovaa barakoa, nchi nzima ikiwa imeambiwa isitoke nyumbani.

Na zile saini mbili za mwaka 1967 bado zipo. Mwanamke wa Leeds anazungumza na muuguzi kwa simu, muuguzi anaandika majibu yote, kisha jalada linapelekwa kwa madaktari wawili ambao huenda hawajawahi kusikia sauti yake. Wakishatia saini, kifurushi kinatoka.