Stiki ikijizima, usikimbilie kubadilisha TV

Wengi wanaonunua vifaa vya elektroniki Luthuli Avenue, Nairobi, huamini kwamba stiki ya kuonyesha filamu za intaneti ikijizima-zima, TV ni ya zamani na haipatani nayo. Inaeleweka, maana picha ndiyo hupotea. Lakini mara nyingi shida ni umeme mdogo ambao stiki hupata kutoka tundu la USB la TV. Kiwango cha kawaida cha tundu la USB 2.0 ni ampea 0.5, stiki nyingi huhitaji 1 au zaidi. Soma maandishi madogo kwenye adapta ya stiki, ulinganishe na yaliyo kando ya tundu la TV. Kisha chomeka stiki ukutani kwa adapta yake. Ikitulia, TV haina kosa. Skrini ikiwa nyeusi kwenye filamu za 4K pekee, jaribu tundu jingine la HDMI: kwenye baadhi ya TV, si yote yenye HDCP 2.2, kinga dhidi ya kunakili ambayo filamu nyingi za 4K huihitaji.