Pesti haikomboi hitisinki dhaifu

"Fundi, ninunue pesti gani?" Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili, kuhusu ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa ya kompyuta na hitisinki, yaani chuma kinachoondoa joto lake. Anayeuliza huwa ameshalinganisha maboksi: moja limeandikwa wati 8 kwa mita kwa kelvini (kipimo cha jinsi pesti inavyopitisha joto), jingine 14, na anaamini hilo la pili litampunguzia joto la prosesa karibu nusu. Haliwezi. Naomba nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wanapomaliza pesa ambazo zingewafaa zaidi kwenye hitisinki.

Uso wa prosesa na kitako cha hitisinki, ukivitazama kwa macho, vinang'aa kama kioo. Ukweli ni kwamba vimejaa mikwaruzo na mabonde madogo sana. Ukivigusanisha vikavu, chuma hukutana na chuma sehemu chache tu, na penginepo pote hukaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya mno: kwa kipimo hicho cha kwenye boksi ina takribani 0.026, wakati aluminiamu ina kama 237 na shaba karibu 400. Pesti kazi yake ni kuitoa hewa hiyo na kukaa mahali pake. Ukiilinganisha na hewa, ni nafuu kubwa. Ukiilinganisha na shaba, ni kizuizi. Ndiyo maana inatakiwa ijaze mabonde tu, isigeuke godoro katikati ya vyuma viwili.

Tupige hesabu. Prosesa inatoa wati 100, joto linapita kwenye eneo la sentimita za mraba 10, na pesti imebanwa ikabaki utando wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Pesti ya kipimo cha 5 itaweka tofauti ya nyuzi 1 kati ya chini na juu ya utando huo. Pesti ya 10 itaweka nusu nyuzi. Basi. Utaniambia joto halisambai sawasawa kwenye kifuniko cha prosesa, kwa kuwa chipu iliyo chini yake ni ndogo, na utakuwa umesema kweli. Tuchukue sentimita za mraba 2 badala ya 10: sasa ni nyuzi 5 dhidi ya 2.5. Lakini hebu ichukue ile pesti ya 10 na uibane ovyo, ibaki na unene wa mikroni 200. Tofauti inapanda hadi nyuzi 10. Pesti ya kawaida iliyobanwa vizuri imeishinda pesti ghali iliyowekwa nene, tena kwa mbali. Na namba za kwenye maboksi zenyewe nazishika kwa tahadhari, kwa sababu viwanda havipimi kwa njia moja.

Kwa kompyuta ya mezani, kwa hiyo, natafuta mambo mawili: pesti isiyopitisha umeme na isiyokauka upesi. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha kabisa, na ukishakuwa na mojawapo sioni sababu ya kuendelea kutafuta.

Metali ya maji ni habari nyingine. Hiyo ni aloi ya galiamu, na kwa kupitisha joto inaziacha pesti zote nyuma. Sony waliitumia kwenye PlayStation 5 mwaka 2020, ila kiwandani, na kwa umbo lililobuniwa kuizuia isitoke mahali pake. Nyumbani ina hatari mbili ambazo sitaki uzigundue kwa hasara. Inapitisha umeme, hivyo tone moja likidondokea kwenye vipuri vya pembeni linaweza kuua mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Pia galiamu hupenya ndani ya aluminiamu na kuilegeza mpaka inameguka kwa vidole. Kama kitako cha hitisinki yako ni cha aluminiamu, usiisogeze karibu. Shaba iliyopakwa nikeli ndiyo inayoivumilia.

Mahali ambapo aina ya pesti inanihangaisha kweli ni kwenye laptopu. Kule mara nyingi chipu haina kifuniko. Hitisinki inalala juu ya chipu tupu. Mashine ikifanya kazi chipu inapata moto, ikipumzika inapoa, na kwa kuwa chipu na shaba havitanuki kwa kiasi kimoja, kila mzunguko unaisukuma pesti kidogo kuelekea pembeni. Niliwahi kuweka pesti nyepesi, ya sifa nyingi, kwenye laptopu ya mteja. Siku ile vipimo vilipendeza. Miezi michache baadaye ilirudi ikiwa na joto lile lile la mwanzo, na nilipoifungua nikakuta katikati ya chipu karibu peupe, pesti yote imejikusanya ukingoni. Tangu hapo, kwa laptopu natumia pesti nzito au karatasi inayobadilika hali, kama Honeywell PTM7950: kwenye joto la chumba ni ngumu, ikifika kama nyuzi 45 inalainika na kujaza mabonde, na haikimbii kirahisi. Vipimo vyake huboreka baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa, kwa hiyo usiihukumu dakika ya kwanza.

Sasa hitisinki. Anza na wati ambazo prosesa inakula ikiwa na mzigo mzima, si ile namba ndogo ya mwanzo. Intel Core i9-13900K imeandikwa wati 125, lakini ikiachiwa inafika 253. Ukiinunulia hitisinki ya wati 125, itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na utakuwa umelipia kasi usiyoitumia. Kwa prosesa za wati 65 hadi 125 hivi, hitisinki ya mnara mmoja yenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120 inatosha. Mirija hiyo ina maji kidogo ndani, kwenye shinikizo dogo. Yanachemka upande wa prosesa, mvuke unapanda hadi kwenye mapezi (vipande vyembamba) ya aluminiamu, unapoa, na maji yanarudi kupitia utambi uliobandikwa kwenye kuta za ndani. Mapezi mengi na hewa ya kutosha ndivyo vinavyomaliza kazi. Kabla ya kununua, pima nafasi ndani ya keisi: Noctua NH-D15 ina kimo cha milimita 165, na keisi nyingi haziimezi. Angalia pia isije ikalalia RAM, vile vijiti vya kumbukumbu vilivyo kando ya prosesa.

Siku ya kufunga, futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, bandua plastiki iliyo kwenye kitako (nimeikuta imesahaulika zaidi ya mara moja), weka tone la milimita 5 hivi katikati, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kila moja mizunguko michache kwa zamu. Ukishagusanisha usiinue tena. Ukiinua unaingiza hewa, na itakubidi ufute uanze upya. Na ukiwa unatoa hitisinki kwenye soketi ya AM4 (ya prosesa za AMD), washa mashine kwanza pesti ipate joto, izime na kuchomoa umeme, halafu zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zikapinda.

Ukimaliza, ipe prosesa mzigo mzima kwa robo saa ukiangalia joto. Likiruka hadi nyuzi 95 au 100 ndani ya sekunde chache, hitisinki haijagusana vizuri na prosesa: fungua, tazama alama ya pesti ilivyosambaa, rudia. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa ndipo lifike huko, mgusano ni mzuri. Kilichopungua ni mapezi, feni au hewa inayoingia kwenye keisi, na hapo hakuna pesti itakayosaidia.